Asali ya Bibi na Chupa ya Maabara

Habari hii nikiisimulia mpaka leo masikio yanapata moto kwa haya, na mmoja wenu akiipeleka kwetu Jang'ombe asiseme kaisikia kwangu (ingawa huko wanaijua wote, maana kwa miaka niliitwa Bi Asali, na si kwa utamu wangu).

Ilikuwa miaka ya hamsini, mie nimeolewa juzijuzi tu, na bibi yangu mzaa mama, Bi Mwanakombo wa Fumba, kalazwa hospitali ya mjini kwa homa na kifua. Sasa Bibi alikuwa mtu wa haya zake. Manesi walipotaka kumuosha alijifunika shuka gubigubi, akakataa kuoshwa, akakataa uji wao, akakataa hata kugeuzwa ubavu, akawa anadhoofu tunamwona. Na siku hizo jamaa wa mgonjwa anaingia jioni, anakaa kidogo, kengele ikilia anatoka. Lakini Sista, mkubwa wa wodi ya wanawake, alipoona hali inazidi kuwa mbaya akaniita pembeni.

"Njoo asubuhi, umuoshe, umlishe mwenyewe," akaniambia. "Lakini atakula na kunywa vya hapa tu. Nikikuona umempa kitu cha nje, hutakanyaga tena wodi yangu."

Basi nikawa nusu nesi, kwa jinsi nilivyojiona. Nampangusa Bibi, namgeuza, namlisha uji kijiko kwa kijiko, naye anakula kwa sababu mkono ni wangu, na rangi ikaanza kumrudia. Hofu yangu ilikuwa moja tu, kufukuzwa, kwa sababu nilijua siku nikifukuzwa Bibi atarudi ndani ya shuka lake na safari hii hatotoka.

Sasa sikilizeni. Nyumbani Bibi alikuwa na mazoea, kila asubuhi lazima anywe asali iliyozimuliwa kwa maji ya moto, ndani yake nyuzi chache za zafarani. Siku moja akanishika mkono. "Zuhura, mie bila asali yangu sitopona. Nletee kidogo tu." Nikamwambia Bibi, Sista kakataza. Akageukia ukutani, na uji wangu mimi mjukuu wake akaukataa. Ningefanya nini? (Najua mngefanya nini. Mie ndiyo sikufanya.)

Wakati ule dawa ya maji ulikuwa unatiliwa kwenye chupa unayokuja nayo mwenyewe, kwa hiyo kila nyumba ilikuwa na chupa za aina moja, zile ndogo za kizibo. Nikaijaza moja asali yake, nimeshaizimua na zafarani nimetia, nikaifunga kiunoni ndani ya kanga, nikavaa buibui juu yake, nikampita Sista mlangoni natembea kama mtu mwenye jipu. "Sabalkheri, Sista." Akaniitikia bila kuniangalia sana, na mimi nikajua nimefuzu.

Nimefika kitandani, sijaitoa vizuri, nesi huyo kaja. "Daktari anataka mkojo wa Bibi upimwe." Akanipa chupa, nayo na yangu kama pacha. Nikavuta pazia, nikamsaidia Bibi, nikaitia kizibo, na wakati namfunga kanga yake chupa zote mbili nimeziweka chini kando ya kitanda, zote rangi moja, zote zina vuguvugu. Mara nasikia viatu vya Sista, ko, ko, ko. Roho ikanipaa. Nikanyakua moja nikaisukuma chini ya mto, nyingine nikamkabidhi nesi, na Sista akapita zake.

Karibu na adhuhuri daktari akaja, uso umemkunjamana. "Huyu bibi ana sukari nyingi mno," akamwambia Sista. "Sijaona mkojo wa namna hii. Tayarisha sindano tuanze leo leo." Machozi yakanitoka. Maskini bibi yangu, kifua hakijapona, sasa na sukari juu yake, na kwetu hakuna hata mmoja mwenye ugonjwa huo!

Hapo ndipo nikahisi buibui langu linavutwa. "Zuhura," Bibi ananong'ona, "yule anashughulika na sindano yake, wacha nnywe asali yangu sasa." Kumbe mkono keshautia chini ya mto, chupa keshaitoa na kizibo keshaking'oa. Nikaitazama ile chupa. Nikatafuta nyuzi za zafarani. Hazimo.

"Bibi, usinywe!"

Nikairukia, chupa ikaruka, na vilivyokuwamo vikamwagika shukani na kifuani kwangu. Wodi nzima ikageuka.

"Asinywe nini?" daktari akauliza.

"Maji, daktari," nikasema. "Ya baridi." Akatingisha kichwa, na Sista akaja na sindano, akaupandisha mkono wa nguo ya Bibi, na mimi nimesimama hapo nimelowa, nawaza nikisema nitafukuzwa, nikinyamaza atachomwa, na ile sindano inakaribia.

"Msimchome!" nikapiga kelele. "Ule si mkojo! Ile ni asali!"

"Asali?" daktari akasema.

"Na zafarani."

Kisha bibi wa kitanda cha pili akauliza taratibu, "Na huo ulokumwagikia, mwanangu?"

Wodi ikavunjika mbavu. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Lakini daktari hakucheka, alikuwa anaiangalia ile sindano. "Unajua dawa hii ingemfanya nini mtu asiye na sukari?" akaniuliza, na kwa sauti yake nikaelewa kwamba nilikuwa karibu kumuua bibi yangu. Sista akaninyooshea mlango. Nikatoka, nikaenda kwa miguu mpaka Jang'ombe na buibui langu lile, watu wananipisha njia.

Jioni ya siku ya pili nikarudi pamoja na wageni wengine, nimeinamisha uso, nikamkuta Sista mlangoni. Nikajua hata saa ya wageni kaninyima. "Bibi yako hajatia kitu kinywani tangu jana," akasema. "Anasema kosa ni lake, yeye ndiye aliyekutuma. Kaa hapa uniambie. Nyumbani anakula nini, anakunywa nini, dawa gani za kienyeji, vyote." Hakuna aliyewahi kuniuliza, wala mimi sikuwahi kufungua mdomo. Nikamwambia vyote. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Asali utaniletea mkononi, si kiunoni. Nitamtilia mwenyewe kwenye chai."

Sijathubutu tena kumficha nesi hata punje ya iliki. Kesho yake nikaleta asali, nikabeba kikombe cha chai ya asali mpaka kitandani, nikakisogeza mdomoni mwa Bibi. Akakitazama kikombe, akanitazama mimi.

"Onja wewe kwanza," akasema.

Nikaonja, wodi nzima inaangalia. Bibi akapona, akarudi Fumba, akaishi miaka mingi, na mpaka Mungu alipomchukua hakupokea mkononi mwangu maji, wala chai, wala kahawa ya sikukuu mbele za wageni, bila ya kusema maneno yale yale. Na mimi nilikuwa naonja.