Ndege Watatu wa Mtua

Miaka ile misitu ya Nachingwea ilipokuwa ikifyekwa kwa matrekta ili ipandwe karanga, karani mmoja wa posta na rafiki yake mwalimu walikuwa na daftari la ndege wa wilaya. Aliyeona ndege mgeni alikuja kwenye dirisha la posta kuwaeleza. Siku moja nilisimama nyuma ya mama mmoja mkulima wa kijiji cha Mtua.

"Jana jioni nimeona ndege watatu," alisema. "Mkubwa mbele, wadogo wawili nyuma. Wanamfuata, hawamfikii."

Mwalimu alitabasamu. "Mama, labda ulikuwa unasinzia."

Mama alinyoosha mikono, akaipunga polepole kama mbawa, vidole vikining'inia, mpaka foleni nzima ikageuka kumtazama.

"Basi njooni mwone," akasema.

Posta ilipofungwa tulimfuata hadi shambani kwake, wanaume watatu: karani, mwalimu na mimi. Jua lilipozama, ndege akatokea juu ya ufuta wake, bila sauti. Alikuwa mmoja tu. Kila bawa lilikuwa na unyoya mmoja mrefu mno, ukielea nyuma yake kama ndege mdogo. Akapita, akarudi, akapita tena, nasi hatukuthubutu hata kukohoa.

Mwalimu alivua kofia. "Nisamehe, mama."

"Ni wangapi, mwanangu?"

"Mmoja."

"Haya, andika mmoja. Mimi nitaendelea kuwaona watatu."

Karani akaandika ndege mmoja, na kando yake jina la yule mama. Tangu hapo, nikisikia mtu anachekwa kwa alichokiona, kwanza huuliza njia ya kwenda shambani kwake.