Siku Baba Mkwe Alipopandishwa Mizani ya Mbata

Jamani, aibu hii naisimulia mwenyewe kwa sababu Lindi nzima wanaijua, tena wanaisimulia vibaya. Ilikuwa zama za Mwingereza, mimi mpika halua, nimeoa binti wa kijiji cha Sudi, Mwanahawa, na kitambi changu (kazi ya halua ni kuonja, msinicheke) kilikuwa kinatangulia mlangoni mimi nafuata. Watu wakaniona nimeneemeka. Chumbani sasa, nguvu sina, nikipanda kitandani nahema tu kisha najigeuzia ukutani, mpaka Mwanahawa akaniambia, "Mume wangu, mwezi ukiandama na hali ni hii hii, narudi kwetu."

Nikaenda zahanati, lakini mdomo ukawa mzito, nikamwambia dresa, yule msaidizi wa daktari, kwamba mgonjwa ni rafiki yangu, mtu mnene, mambo ya nyumbani yamemshinda. Akasema nimlete kesho sokoni apimwe kwenye mizani ya mbata, zile nazi kavu, kwa kuwa ile ya zahanati ni ya watoto wachanga. Nikaitika (kwa nini niliitika, hata leo sijui), nikakusudia kwenda kusema rafiki amesafiri.

Nafika sokoni, nani yuko penye mizani? Baba mkwe! Kaleta mbata zake kutoka Sudi, na tumbo lake halipishani na langu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu, Mwanahawa hajambo?"

Sijajibu, dresa huyu hapa. "Rafiki yako ndiye huyu?" Na kichwa changu, Mungu anisamehe, kikaitikia.

Dresa akamshika mzee mkono, akampandisha kwenye ubao wa mizani. Mzee akacheka, "Kumbe Serikali sasa inatoza kodi ya vitambi?"

"Usione haya, mzee wangu," dresa akasema kwa sauti ile ile ya kuitia wagonjwa, "unene ukizidi, nguvu za kiume hupungua, si uchawi. Punguza mafuta na sukari, tembea sana kwa miguu, mkeo ataacha kulia."

Wachukuzi wakatua mizigo wasikilize.

"Mke yupi analia?" mzee akafoka. "Mkubwa ananyonyesha, mdogo ana mimba!"

Dresa akanitazama. Mzee naye akanitazama, usoni kwanza, kisha tumboni, na nadhani ndipo alipokumbuka siku binti yake alipokwenda kuwasalimu akilia bila kusema sababu. "Kumbe ni wewe! Panda!" Nikapanda. Mpimaji akaongeza jiwe la mizani, akaongeza na jingine, wachukuzi wanapiga makofi, mimi natamani ardhi ipasuke.

Nyumbani habari ilikwishanitangulia. Mwanahawa amekaa juu ya furushi lake anacheka mpaka machozi, kisha yakawa machozi kweli. "Siku zote hizi," akasema, "nilidhani hunitaki."

Hilo liliniuma, wenzangu, kuliko soko zima. Nikakaa chini nikamweleza yote, na furushi akalifungua mwenyewe. Halua nikawa naonja kwa ncha ya kidole, kila alfajiri natembea mpaka kanzu inalowa jasho, na nguvu zikarudi polepole (watoto wetu ni mashahidi). Ila nimekoma. Siku hizi nikiumwa nasema naumwa mimi, na wa kwanza kuambiwa ni mke wangu.