Nimepigwa mpini wa jembe katikati ya onyesho

Leo mtazamaji kanipasua kichwa, na watu wakapiga makofi!

Tulikuwa kijijini Maguu, ndani ya banda la kukobolea kahawa. Mimi napiga debe kama ngoma, mwenzangu Anjela anacheza. Hatupangi chochote, tunabuni papo hapo.

Anjela akajitupa chini, akalia kama mke anayepigwa. Nikasimama mbele yake kama mume, nikalitwanga debe kwa hasira.

Mara mama mmoja akanirukia na mpini wa jembe. Paa! Damu mpaka machoni.

Watu wakashangilia, wakidhani ni mchezo.

"Mama, tunaigiza tu!" Anjela akapiga kelele.

Mama akatupa mpini, akawageukia watazamaji.

"Mimi nilipopigwa sikuwa naigiza. Na ninyi mlikaa hivyo hivyo, mkatazama."



Jamani, nimeshonwa, lakini simlaumu. Nyie mngemjibu nini?