Donge Kooni

Kwa miaka mingi, basi lilikuwa haliondoki kituoni mpaka Bi Kipaza alitangaze. Jina hilo walimpa wapagazi, naye akalipokea kama cheo. Kutoka kibanda chake cha vioo, juu ya madirisha ya tiketi, alikuwa akisema, "Abiria wa basi la asubuhi, mlango wa tatu," na umati mzima ukainuka na mizigo yake. Hilo lilimpa raha asiyoweza kumweleza mtu.

Msimu wa baridi ulipoingia, mafua yakamvamia. Yalianza kwa chafya tu. Kesho yake alipofungua kinywa kutangaza, ikatoka sauti ya bawaba iliyokauka mafuta. Mkuu wa kituo akamrudisha nyumbani, na kibandani akampandisha binti mmoja wa tiketi.

Nyumbani kwenyewe ni nyuma ya ukuta wa kituo, na hapo ndipo adhabu ilipoanzia. Mumewe, fundi viatu, alichemsha sufuria ya maji, akaiweka chini, akamfunika shuka gubigubi ajifukize. Jasho linamtiririka, pua ndiyo kwanza inazibuka, mara akasikia spika za kituo: "Abiria wapendwa, habari za asubuhi..."

"Wapendwa?" Bi Kipaza akachomoa kichwa, akakwaruza. "Nani kawapenda?"

"Rudi ndani, mvuke unapotea," mumewe akasema. Kisha, bila kufikiri: "Lakini kasauti anako, au siyo?"

Roho ilimuuma mpaka masikioni.

Tangu hapo akajitibu kama anayejiandaa kwa vita. Tangawizi aliiponda mwenyewe, maana mumewe aliiponda kama anayeionea huruma. Akaichemsha, akakamulia limau na kutia asali. Akasukutua koo kwa maji vuguvugu ya chumvi, na spika zikilia alisukutua kwa kelele zaidi. Jirani alipokuja kumpa pole na kusema siku hizi kituo kimechangamka, Bi Kipaza alijifanya kapaliwa.

"Mama watoto, mafua hayafukuzwi kwa hasira," mumewe akamsihi. "Kunywa maji, ulale."

"Nilale, na yule ananinyang'anya kiti?"

Akarudi kazini hajapona. Binti alimpisha kwa adabu, akampa pole, halafu akatoa pamba na spiriti, akafuta kipaza sauti. Akamwonyesha na sabuni karibu na sinki. Bi Kipaza akaona anaambiwa mchafu.

"Kipaza hiki nimekishika wewe hujazaliwa," akasema, akakivutia mdomoni.

Basi la kwanza alilitangaza salama. La pili, kikohozi kikamkaba katikati ya neno. Hakugeuka, hakujifunika kwa kiwiko. Alikohoa humohumo, kituo kizima kikasikia. Injini ya basi ilikuwa inaunguruma tayari, ikabidi binti akinyakue kipaza kilekile na kumalizia tangazo.

Haikupita wiki, binti akaanza chafya, sauti ikamkatika, akarudishwa chini kwenye tiketi. Bi Kipaza, koo limefunguka, akabaki na kibanda chake peke yake. Alifurahi kwelikweli. Furaha ikadumu mpaka mama mmoja mwenye mizigo alipogonga kioo: "Samahani, yule dada wa kutusalimia yuko wapi?"

Mchana akachungulia chini. Binti, pua nyekundu, alikuwa anapenga kwa karatasi laini, anaitupa, ananawa kwa sabuni, ndipo anagusa tiketi ya mtu. Kila mara vilevile. Bi Kipaza akashuka na chupa yake ya tangawizi ya moto.

"Kunywa. Ni kali."

"Asante, mama," binti akasema kwa sauti ya kunong'ona. Akaipokea, akamtazama usoni. "Ila ungejifunika tu."

Bi Kipaza akageuka, akapanda kurudi kibandani.

Binti alipopona, mkuu wa kituo akagawa zamu: asubuhi mama, alasiri binti. Bi Kipaza alikubali kwa mdomo. Alasiri ya kwanza alikuwa kakaa mlangoni kwake, sauti changa ikapanda juu ya ukuta, laini, haina mkwaruzo hata kidogo. Akaona mumewe kasimamisha nyundo hewani.

"Gonga viatu vyako," akamwambia.