Alasiri Niliyolala Chini Mbele ya Wageni

Nakumbuka alasiri moja ya kiangazi, mwanangu, tulipokuwa tukinyunyiza maji kwenye uwanja wetu wa mazoezi kule Nyakabanda ili vumbi litulie, wakaingia wanaume fulani bila hodi. Kwetu sisi mtu kuingia bila hodi halikuwa jambo dogo, hasa miaka ile. Niliweka kopo la maji chini.

Nitakueleza walitaka nini. Lakini kwanza nikueleze tulikuwa nani, maana wewe unayefanya mazoezi kwenye ukumbi wenye vioo na muziki unaweza kudhani kupigana kulianza na nyinyi.

Mwalimu wetu aliitwa Hamadi. Kazi yake ilikuwa uchinjaji kule Biryogo. Asubuhi alichinja, jioni alitufundisha karate, na mara nyingine alifika bado ananuka damu ya ng'ombe. Alikuwa Mwislamu wa kushika dini, akasema kuinama ni kwa Mungu peke yake, basi sisi hatukuinamiana kama vilabu vingine. Kabla ya kupigana, kila mmoja aliweka mkono kifuani akamwambia mwenzake, "Uko salama kwangu." Naye alijibiwa, "Nawe kwangu." Aliyesahau alirudishwa nyumbani, hata kama alikuwa amekuja kwa miguu kutoka Nyarutarama, ng'ambo ya mji.

Na ngumi ilipaswa kusimama kabla ya uso. "Iguse jasho, isiguse ngozi," ndivyo alivyosema. Vijana wa vilabu vingine walitucheka, wakasema karate yetu ni ya maharusi. Siku moja mimi mwenyewe nilimuuliza kwa nini anatubania hivyo. Akaniambia, "Mimi iko nachinja kila siku. Mnyama akishaanguka hakuna wa kumuinua. Sasa fundisha mukono yako kusimama mbele ya hapo." Niliitikia kwa mdomo tu. Kijana wa miaka kumi na tisa huitikia mengi kwa mdomo.

Ilikuwa miaka ya vyama. Kila mwisho wa juma kulikuwa na filimbi, ngoma na mabango, na kila chama kilikuwa na vijana wake wa kutisha watu. Mabomu ya mkono yalirushwa sokoni na kwenye stendi ya mabasi. Jirani aliyezoea kukuuliza umeamkaje, sasa alitaka kujua kitambulisho chako kimeandikwa nini. Changu hakikuwa na shida, nilirithi kabila la marehemu baba. Cha mama yangu kilikuwa na jina la lile kabila ambalo watu walikuwa wakilitukana redioni mchana kutwa. Mama aliacha kwenda sokoni. Usingizi wangu ukawa mwepesi kama wa kuku.

Sasa, Jumapili kabla ya alasiri hiyo, mimi na rafiki yangu Viane tulialikwa kuonyesha karate wakati wa mapumziko ya mechi ya mpira Nyamirambo. Tulivunja vigae vya paa kwa mateke na ngumi, na uwanja mzima ukalipuka kwa makofi. Mwalimu alikataa kuja kutazama. Alisema kigae hakijamkosea kitu. Sisi tulicheka, tukaona mzee ana wivu. Hatukujua kwamba katikati ya wale waliopiga makofi walikuwemo waliokuwa wakichagua.

Ndio hao sasa waliosimama uwanjani kwetu. Mkubwa wao alivaa kofia ya chama, na alitabasamu muda wote. Tabasamu lile ndilo lililoniogopesha kuliko marungu ya wenzake.

"Mwalimu," akasema, "iko kijana hapa alivunja vigae Jumapili. Sisi tunamutaka. Atafundisha vijana yetu."

"Kufundisha nini?"

"Kujilinda." Akacheka. "Siku hizi kila mutu iko anajilinda, sivyo?"

Akaninyooshea kidole. Nikikubali, ningekwenda kufundisha watu namna ya kumpiga mama yangu. Nikikataa, wangeniuliza kwa nini ninakataa, wangefika nyumbani, wangemkuta. Na Mwalimu akikataa kunitoa, wangemkumbuka yeye na nyumba yake. Sikuona njia hata moja. Niliomba ardhi ipasuke.

Mwalimu hakuonyesha kushtuka. Alinitazama kama mtu anayetazama mbuzi mgonjwa. "Huyu?" akasema. "Oya, hapana, huyu iko ya kuonyesha watu tu. Ngoja muone wenyewe."

Akaniita katikati. Tukakabiliana. Akaweka mkono kifuani, midomo yake ikacheza bila sauti, nami nikayasoma yale maneno yetu. Kabla sijajibu, nilikuwa nimelala chali. Alinifagia miguu. Nikainuka, akanipiga ngumi ya uso, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue ngumi yake haikusimama. Damu ikanitoka puani. Wageni wakacheka. Wenzangu wengine nao wakacheka, na kicheko chao kiliniuma kuliko pua.

Nikainuka tena, sasa nimepandwa na hasira. Hapo nikaona ubavu wake wa kushoto uko wazi. Alikuwa ameinua mkono juu mno, kosa ambalo mtoto asingelifanya. Teke moja tu lingemwangusha, na wale waliokuwa wakinicheka wangefunga midomo. Mguu wangu ulishaanza kuondoka chini.

Ndipo nikamtazama macho. Mwalimu Hamadi, aliyekuwa akishika ng'ombe dume kwa pembe, alikuwa anaogopa. Nilikuwa sijawahi kumwona hivyo. Hakuogopa kupigwa. Aliogopa kwamba nitampiga, nao waone kwamba nawafaa. Nikaelewa, na nilipoelewa nikaogopa mara mbili zaidi. Nikashusha mguu. Aliponigusa tena nilianguka kama gunia, nikajikunja vumbini, nikalia kwa sauti: "Basi, Mwalimu! Basi, nakufa!"

"Huyu iko ya sinema!" yule mwenye kofia akasema, akijipangusa machozi ya kicheko. "Hata dada yangu atamupiga!"

Wangeondoka. Nakuapia, walikwisha kugeuza migongo. Lakini Viane alikuwa pale, na Viane hakuweza kuvumilia klabu yetu ichekwe. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na makofi ya Jumapili yalikuwa bado masikioni mwake. Akajitokeza, akasema, "Na mimi nilivunja vigae. Mutazame mimi." Mwalimu akamwambia, "Viane, kaa chini." Hakukaa. Alipiga teke nguzo ya lango mpaka ikapasuka. Wageni wakampigia makofi, yule mkubwa akamwekea mkono begani, wakatoka naye. Hakugeuka nyuma. Mwalimu alibaki amesimama pale langoni hata baada ya wao kupotea.

Baadaye alinipeleka bombani akaniosha uso kwa mikono yake. Nilikuwa nimemkasirikia. Nilimwambia, "Mwalimu, wamenicheka mbele ya watu."

"Acha wacheke," akasema. "Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Mama yako iko nyumbani, anakungoja. Nenda."

Usidhani nilishukuru. Watoto wa mtaani walijifunza kilio changu, kila nikipita walipiga kelele, "Basi, Mwalimu, nakufa!" Nilimeza. Viane nilimwona barabarani na viatu vipya, akiwaongoza mbio vijana wenye marungu, wakisimama kwa mikao yetu, wakipiga kwa ngumi zetu. Hakuna aliyeweka mkono kifuani. Hilo alikuwa ameliondoa kwenye mafunzo.

Kisha ikaja Aprili, watu wakaanza kuuawa kwa ajili ya kabila lao. Sitakueleza Aprili yote, mwanangu, moyo wangu hauwezi, na mengine nimemwachia Mungu. Nitakueleza asubuhi moja tu.

Mwalimu alitufungia katika ghala la nyuma ya nyumba yake, alimohifadhi ngozi za kuuza. Nilikuwa mimi na mama, na majirani, na mwanamke mwenye mtoto wa kunyonya. Harufu ya ngozi mbichi ilikuwa inatapisha, lakini Mwalimu alisema itatusaidia, hakuna atakayependa kuingia. Hatukukohoa. Mwanamke yule alimbandika mwanawe titi kila alipojaribu kufumbua mdomo. Nje tulisikia filimbi zikija mtaa kwa mtaa, mpaka zikafika kwetu.

Nilichungulia kwenye ufa wa mbao. Mwalimu alikuwa amefungua lango mwenyewe kabla halijavunjwa. Aliyeongoza lile kundi alikuwa Viane.

"Viane, mwanangu," Mwalimu akasema.

Viane hakumtazama usoni. Alirusha ngumi, ile ngumi aliyofundishwa na mtu yuleyule, nayo haikusimama. Nilisikia taya likivunjika. Mwalimu akaanguka. Sasa elewa: mzee yule, hata akiwa na taya lililovunjika, angeweza kuinuka na kumlaza Viane na wawili watatu walio karibu naye. Nilimjua. Viane pia alimjua, ndiyo maana alirudi hatua nyuma. Lakini Mwalimu hakuinuka. Alijikunja vumbini, akalia mbele ya vijana aliowaona wakizaliwa, akaomba asiuawe, damu na mate vikimtoka. Wakacheka sana. Mmoja akamkojolea karibu na kichwa. Wakafungua kamba za mbuzi waliokuwa uani, wakaondoka nao wakiimba.

Mama alikuwa ameshika shati langu kwa mikono yote miwili. Mguu wangu wa kulia ulikuwa ukirukaruka wenyewe, unataka kuvunja mlango. Niliwaogopa watu wale, ndiyo. Lakini zaidi niliuogopa mguu wangu. Ungetoka, tungekufa sote, na mtoto yule pamoja nasi.

Tulipona. Taya la Mwalimu liliunga vibaya, akaishi miaka yake iliyobaki akila uji na ndizi za kupondwa, na hakuna siku aliyolalamika mbele yangu. Viane sikumwona tena. Wengine walisema alivuka kwenda Zaire, wengine walisema vingine. Mtoto wa ghalani sasa ni fundi wa magari, ana wanawe.

Nami nimebaki na hofu moja isiyoniacha. Ningeurusha mguu wangu ubavuni mwa Mwalimu alasiri ile, wale watu wangepiga makofi na kuniwekea mkono begani. Nilikuwa hodari kuliko Viane. Asubuhi ile ya Aprili ningekuwa upande gani wa lango? Napenda kujiambia kwamba nisingefika huko. Sina hakika.

Ndiyo maana nilipoona picha yako kwenye simu, umesimama juu ya mwenzako aliyelala, umemtolea ulimi, umati unapiga kelele, sikulala vizuri. Najua utaniambia ni mchezo, mzee, watu wanataka vituko. Debe tupu haliachi kuvuma, nakubali. Lakini wewe si debe tupu, una mkono mzito, na mkono mzito ukizoea makofi hauulizi tena nani anayapiga. Uliza. Kila ukishangiliwa, tazama wanaokushangilia, ujue wanakuchagulia kazi gani. Mwenzako akianguka, mpe mkono ainuke, kwa sababu umemwangusha kwa ruhusa yake. Jifunze kusimamisha ngumi ukiwa mazoezini, maana siku ya hasira haina mwalimu. Na jifunze kushindwa mbele ya watu bila kufa moyo. Kupiga hata punda hupiga. Kulala chini ukiwa na uwezo wa kuinuka, watu wakikucheka, kwa sababu nyuma ya mlango kuna roho za watu, hilo nimeona mtu mmoja tu akilifanya vizuri.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe nguvu, na akupe mtu wa kumlinda kwa nguvu hizo. Akuepushe na makofi ya wabaya. Na ikibidi uchekwe ili mtu mwingine aishi, akupe moyo wa kuchekwa. Amina.