Nusura tuhamishe mwani wote kwa sababu ya preprint moja

Wakuu, asalaam aleikum. Haya yamenipata mwenyewe huku Chwaka, nnayaandika bila chumvi. Shule niliishia form two, nikikosea mnisahihishe.

Mwani wa kikundi chetu ulianza kugeuka mweupe na kukatika. Mbegu iliyobaki kidogo. Ikifa hiyo, wanawake wote sie hatuna kazi.

Mie ndiye mwenye simu ya maana, nikaambiwa nitafute.

Nikaingia database moja ya utafiti, ya bure. Kiingereza changu cha kubabaisha, natafsiri kwa simu. Nikapata makala: mwani ukifungwa kwenye maji ya kina hauugui. Nikawasomea wenzangu. Tukakubaliana bamvua lijalo, maji yakitoka sana, tuhamishe kamba zote.

Bi Mwanaisha, mkubwa wetu, akaniuliza, "Mie kuogelea sijui. Hiyo makala yako itanishika mkono?"

Wakacheka. Mie nikaifungua tena ile makala.

Nikamtumia link shoga yangu Zuhura, yuko maktaba mjini. Akajibu kwa voice: "We Saumu, neno preprint hapo juu hukuliona?"

Nililiona. Nikadhani jina la jarida!

Kumbe ni makala iliyowekwa wazi kabla wataalamu wengine hawajaikagua. Si uongo, bado tu. Akaniambia nitazame kama ina version mpya, kisha nitafute kichwa chake na majina ya waandishi, nione kama ishachapishwa kwenye jarida.

Kuchapishwa, sikuona. Version ya pili ipo. Wameongeza kwamba walijaribu pahala palipokingwa na upepo. Sie kusi inatupiga usoni.

Niwe mkweli, waandishi hawakuficha. Onyo kwamba haijakaguliwa liko ukurasa wa mwanzo, mie nimeliruka.

Kuwarudia wenzangu ndiyo ilikuwa shughuli. "Jana ndiyo, leo siyo?"

Bi Mwanaisha akawakata: "Basi tujaribu kamba mbili. Akafunge mwenye simu."

Nikazifunga, maji yananifika kidevuni.

Moja imechukuliwa na mawimbi. Ya pili mwani wake hauna weupe hata chembe.

Sasa wananiuliza, tuhamishe au tusihamishe? Sijui, wakuu. Nilichojifunza ni kutazama kwanza kama makala imekaguliwa, na ni version ipi. Kila asubuhi nafungua kuangalia kama ya tatu imetoka.

Email ya waandishi iko pale pale. Kuna aliyewahi kuwaandikia? Huwajibu watu kama sie? Niambieni kabla ya bamvua.