Taulo Kichwani, Mama Mkwe Nyuma ya Benchi

Mpaka leo wazee wenzangu hapa Machakos wakiniona nikishika taulo sokoni wanacheka, kwa hivyo afadhali hii aibu niiseme mwenyewe kuliko kusemewa.

Mimi sikusoma sana, niliacha shule mapema nikachunga ng'ombe, lakini Mungu alinipa urefu, na urefu ndio ulinipeleka Nairobi nikacheza mpira wa kikapu mpaka nikawa natangazwa kwa redio (kuna bucha hapa mjini ilibandika picha yangu karibu na bei ya matumbo, na sikupewa hata mfupa). Magoti yalipochoka, miaka ya tisini ikielekea kuisha, nikarudi nyumbani kufundisha timu ya shule moja ya wasichana. Mwalimu mkuu, mama asiye na maneno mengi, aliniambia nikiwafikisha mashindano ya taifa ataniandika kazi ya kudumu, nisipowafikisha tutaagana vizuri.

Basi siku ya fainali ya mkoa, uwanjani kwetu, tunaongoza kwa alama moja na muda unaisha, nageuka kwa benchi niingize mchezaji, nani ameketi nyuma yake? Mama mkwe wangu kutoka Kithimani. Sasa sisi Wakamba tuko na nthoni, ile heshima ya wakwe, mtu na mama ya bibi yake hawatazamani uso kwa uso, mkikutana njiani mmoja anaingia kichakani. Ningemwomba tu mwalimu amhamishe polepole. Mimi nikaamua kujifunika taulo kichwani.

Kumbe yeye naye alishanitambua, akajifunika leso, akainuka anikimbie, akashika njia ya pembeni ya uwanja, ile ile niliyosimama, na mimi chini ya taulo sioni mbele, nasikia tu ndara zake zikija, nikakimbilia mahali pekee palipokuwa wazi, katikati ya mchezo. Mpira ukanigonga kifua. Hapo mikono ya zamani haikuniuliza: nikaudaka, nikaruka, nikautupa kwa kikapu. (Uliingia, tena vizuri sana.)

Watu walipiga makofi kwanza, halafu wakacheka. Refa, kijana wa kutoka mbali, akaniuliza, "Mzee, wewe ni kocha ama ni mchezaji?" Ningeelezaje nthoni na mama mkwe mwenyewe yuko hapo? Kikapu changu akakikataa, akawapa wapinzani kurusha mara mbili bila kuzuiwa, zote zikaingia, na mchezo ukaisha hivyo.

Mwende, nahodha wetu, alipita akijipangusa machozi. "Kocha, sisi tulikuwa tumeshinda." Mwalimu mkuu tuliagana vizuri, vile alikuwa ameahidi.

Jioni bibi yangu akanieleza kwamba mama yake alitaka kukaa nyuma kabisa, kwa umati, nisimwone, lakini msichana mmoja mwenye adabu alimwona ni mzee akampa kiti cha mbele. Baadaye nilipata shule nyingine, na tangu hapo kabla ya mchezo bibi huzunguka kwanza akikagua watazamaji, na taulo sibebi tena. Lakini miaka yote ile ya Nairobi mama mkwe alikuwa ananisikia kwa redio tu, na ile siku moja aliyokuja kuniona, aliona taulo.